Mkataba wa Machakos na Haki ya Aliye Mchache

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu wa mwambao, ukiutaja mji wa Machakos mbele ya mtu wa Mombasa au wa Lamu, atakwambia kwamba ni mji wa Wakamba wenye milima na maembe, na maneno yataishia hapo. Wazee wetu walikuwa wakiujua zaidi kuliko sisi. Misafara iliyotoka pwani kwenda kununua pembe ilikuwa ikipumzika katika nchi ya Ukamba, na mji wenyewe umepata jina lake kwa mzee wa Kikamba aliyeitwa Masaku, jina ambalo wageni walilipotosha katika vinywa vyao. Kampuni ya Kiingereza ilijenga kituo chake hapo kabla Nairobi haijakuwa mji, na utawala wa Kiingereza katika bara ulikuwa na makao yake hapo hata mwaka 1899, ofisi zilipohamishiwa Nairobi. Msikiti uko huko, na Waislamu wako, ingawa ni wachache kati ya watu wa dini nyingine.

Lakini jambo tulilokusudia kulieleza leo ni la juzi. Tarehe 20 Julai 2002, katika mji huo huo wa Machakos, ulitiwa saini mkataba baina ya serikali ya Sudan na chama cha SPLM cha watu wa Kusini. Aliyetia saini kwa upande wa serikali ni Dk. Ghazi Salahuddin Atabani, na kwa upande wa Kusini ni Bwana Salva Kiir. Aliyewasuluhisha ni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Mkristo wa Kenya, aliyekaa nao kwa wiki kadhaa akivumilia ukaidi wa pande zote mbili. Vita vilikuwa vimewaka tangu mwaka 1983, na wanaohesabu wamesema kwamba watu kama milioni mbili walikufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi.

Twaandika haya kwa kuwa katika baraza zetu, khasa baada ya sala ya Isha, twawasikia baadhi ya vijana wakikariri maneno haya: kwamba Sudan ilikuwa dola ya Kiislamu, na kwamba huko Machakos Waislamu walidanganywa na makafiri wakauza sharia ya Mungu, kisha wakapokonywa robo ya nchi yao pamoja na visima vingi vya mafuta. Mwenye kusema hivi humaliza kwa kusema: basi na sisi tusiaminiane na mtu asiyekuwa wa dini yetu. Maneno haya ni mepesi mdomoni, lakini ni mazito mbele ya Mungu, kwani ndani yake mna kuwasingizia watu wengine dhulma tuliyoifanya sisi wenyewe.

Na tuanze na asili ya jambo. Mwingereza alipoitawala Sudan pamoja na Misri, tangu mwaka 1899, aliitenga Kusini na Kaskazini. Mwaka 1922 alitoa sheria ya kuzifunga wilaya, mtu asiingie ila kwa ruhusa, na mwaka 1930 akaitia nguvu siasa yake ya kuwaondoa wafanya biashara wa Kiislamu huko Kusini, na kuipinga lugha ya Kiarabu, na kuwaachia mapadri mashule yote. Hii ilikuwa fitina iliyo dhahiri. Watu wa nchi moja walikua hawajuani, kisha mwaka 1956 wakaambiwa: haya, nyinyi ni taifa, jitawaleni. Sisi watu wa Kenya na Zanzibar si wageni wa mambo haya. Aliyekuwa mtawala wetu ndiye aliyekuwa mtawala wao, na daftari yake ilikuwa moja: huyu Mwarabu, huyu Mswahili, huyu mtu wa kabila fulani, na kila mmoja na mlango wake, na mshahara wake, na mgao wake wa mchele wakati wa vita.

Lakini Mwingereza alipoondoka, dola ilikuwa mikononi mwa nani? Ilikuwa mikononi mwa Waislamu wa Khartoum. Katika kuzigawa kazi za serikali zilizoachwa na Waingereza, nafasi kama 800 zilitolewa, na watu wa Kusini wakapata chini ya kumi. Askari wa Kusini walikuwa wameasi huko Torit mwezi wa Agosti 1955, kabla hata bendera haijapandishwa, na lililopasa lilikuwa kuuliza wana uchungu gani. Badala yake Jenerali Abboud, aliyeshika nchi mwaka 1958, alitaka kuufanya Kusini uwe wa Kiislamu na wa Kiarabu kwa amri. Mwaka 1960 aliiondoa Jumapili isiwe siku ya mapumziko huko, akaweka Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Mwaka 1964 akawafukuza mapadri wa kigeni. Twawauliza ndugu zetu: ni mtu gani aliyesilimu kwa kunyang'anywa Jumapili yake? Uislamu uliingia Lamu, na Kilwa, na Pemba, na Ukamba wenyewe, kwa mfanya biashara aliyepima mizani sawa na kwa mwalimu aliyekaa chini ya mwembe. Wapi uliingia kwa sakula ya serikali?

Kisha ilikuja sulhu. Mwaka 1972, huko Addis Ababa, Jenerali Nimeiri alipatana na watu wa Kusini wawe na serikali yao ya ndani, na kwa miaka kumi na moja nchi ilitulia. Mkataba ule haukuvunjwa na Wakristo. Aliuvunja yeye Nimeiri, mwaka 1983, alipoigawa Kusini mapande matatu bila ya kuwauliza wenyewe, na mwezi wa Septemba mwaka ule akatangaza hukumu za sharia kwa nchi nzima. Wako waliofurahi. Lakini Sadiq al-Mahdi, kitukuu wa Mahdi mwenyewe, alizilaumu sheria zile akatiwa gerezani. Mwaka uliofuata njaa ilienea Sudan, na katika mwaka wa njaa mikono ya wezi ilikuwa ikikatwa. Kila mwanafunzi wa fikihi ajua kwamba Sayyidna Umar, katika mwaka wa ukame ulioitwa mwaka wa majivu, aliizuilia hukumu ya kukata mkono kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Basi aliyekuwa akiifuata sharia ni nani, na aliyekuwa akiitumia sharia kuushikilia ufalme wake ni nani? Sisi twaona jambo hili halina shaka.

Na sasa tuuangalie mkataba wenyewe, kwani wengi wanaoulaani hawajausoma. Ulisema kwamba dini isifanywe sababu ya kuwagawanya watu, na kwamba kila mtu awe huru kuabudu, kujenga, kufundisha, kuchapisha na kusherehekea siku zake kuu. Ulisema kwamba kazi za serikali, hata uraisi, zishikwe kwa uraia wala si kwa dini. Ulisema kwamba sheria za nchi zitakazotumika nje ya Kusini zitatokana na sharia na makubaliano ya watu, na zile za Kusini zitatokana na makubaliano ya watu wa huko na mila zao. Na ulisema kwamba mambo ya ndoa, na mirathi, na mfano wa hayo, kila watu waweza kuhukumiwa kwa dini yao. Khatima yake ni kwamba pande mbili zikae pamoja miaka sita, ziufanye umoja uwe mtamu, kisha watu wa Kusini waulizwe kwa kura kama wataka kubaki au kuondoka.

Iko wapi hapo sharia iliyouzwa? Waislamu wa Kaskazini waliachiwa sharia yao. Kilichoondolewa ni kumlazimisha nayo asiyeiamini.

Wako watakaosema kwamba kukaa meza moja na wasiokuwa Waislamu, na msuluhishi akawa Mkristo, ni udhalili. Ndugu zetu, Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya kupewa utume alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, ambamo watu wa Makka, nao ni washirikina, waliapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Na baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwa mapatano kama yale angeitika. Na katika mwaka wa sita wa Hijra, huko Hudaibiya, Suhail bin Amr alikataa lisiandikwe neno la utume katika mkataba, na Mtume akakubali lifutwe, na masahaba wakaghadhibika, hata Sayyidna Umar akauliza maswali ambayo baadaye aliyajutia. Kisha ikateremka Suratul-Fat-hi kuuita ule kuwa ni ushindi ulio wazi. Na mkataba ule ulipovunjika, waliouvunja hawakuwa Waislamu. Hapa ndipo pa kutia alama, ndugu zetu. Mtu aweza kuandikiana na asiyekuwa wa dini yake maneno magumu, yasiyopendeza, akabaki mwenye heshima. Heshima huondoka siku anapoyavunja.

Yaliyofuata Machakos mwayajua. Tarehe 9 Januari 2005 amani kamili ilitiwa saini Nairobi. Bwana John Garang, ambaye alikuwa akiutaka umoja wa Sudan mpya, alikuwa makamo wa raisi kwa wiki tatu tu, akafa katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, na mjini Khartoum watu wakachinjana barabarani. Miaka sita ikapita, na wenye nguvu hawakuufanya umoja uwe mtamu. Mwezi wa Januari 2011 watu wa Kusini walipiga kura, na karibu 99 katika kila mia wakasema wataka kuondoka. Tarehe 9 Julai 2011 wakawa dola yao.

Twawaomba wasomaji wasiipite hesabu hii mbio. Watu 99 katika mia. Walikuwamo humo Wakristo, na wenye mila za kale, na hata Waislamu wa Kusini. Walioishi pamoja na Waislamu katika dola moja kwa miaka 55 walipopewa nafasi ya kusema, walisema hivyo. Je, sisi tungekuwa na jirani aliyeishi ukutani mwetu miaka 55, kisha akahama usiku ule ule alioweza kuhama, tungesema ni tabia mbaya ya jirani peke yake?

Na yaliyokuja baada yake yaonyesha kwamba ugonjwa haukuwa dini. Mwezi wa Disemba 2013 watu wa Kusini wenyewe walipigana Juba, Dinka na Nuer, Wakristo kwa Wakristo, na maaskofu wao hawakuweza kuwazuia. Ama Kaskazini, damu ya Darfur ilianza kumwagika tangu mwaka 2003, na pale mwuaji Mwislamu na aliyeuawa Mwislamu. Na tarehe 15 Aprili 2023, nayo ni mwezi 24 Ramadhani, katika kumi la mwisho, majeshi mawili ya Kiislamu yalianza kupigana ndani ya Khartoum, jeshi la serikali na wale waitwao Msaada wa Haraka. Watu walikuwa na saumu zao. Huko El Geneina Wamasalit waliuawa kwa kabila yao, na wao ni watu wa Qur'ani kabla babu za wauaji hawajazaliwa. Hapakuwa na Mkristo wa kulaumiwa siku hiyo. Aliyezoea kumdhulumu wa mbali kwa jina la dini, wa mbali akiondoka humgeukia wa karibu kwa jina la ukoo.

Sasa na turejee kwetu, kwani hatukuandika haya kwa kuwacheka watu wa Sudan katika msiba wao.

Sisi hapa Kenya ni wachache. Mwambao huu ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ukawekwa katika himaya ya Kiingereza kwa mkataba wa mwaka 1895, na mwaka 1963 ukaunganishwa na Kenya. Kabla ya kuunganishwa, mwezi wa Oktoba 1963, Bwana Jomo Kenyatta na Bwana Mohamed Shamte waliandikiana barua za ahadi: kwamba Waislamu watakuwa huru katika dini yao, kwamba makadhi watabaki, kwamba watoto wetu watafundishwa Kiarabu inapowezekana, na kwamba hati za mashamba zitaheshimiwa. Katika ahadi hizo iko iliyotimizwa na iko iliyopunjwa, na mtu wa mwambao hana haja ya kuambiwa na sisi khabari ya mashamba. Twayadai mambo haya mpaka leo, na ni haki yetu kuyadai.

Makadhi nao walikaribia kuondolewa. Mwezi wa Mei 2010 mahakama kuu ya Nairobi ilitoa hukumu kwamba kuwatia makadhi katika katiba si sawa, na makanisa mengi yakasimama kuipinga katiba mpya kwa sababu hiyo na nyingine. Tarehe 4 Agosti 2010 nchi ikapiga kura. Karibu theluthi mbili walisema ndiyo, na makadhi wakabaki katika kifungu cha 170, wahukumu ndoa, talaka na mirathi pale pande zote mbili zikiwa ni Waislamu na zikaridhika na mahakama hiyo. Kura zile hazikuwa zetu peke yetu, kwa kuwa sisi ni sehemu ndogo ya wapiga kura. Mamilioni ya Wakristo walipiga kura kumwachia jirani yao Mwislamu kadhi wake. Kifungu hicho, ukikiweka karibu na maneno ya Machakos juu ya ndoa na mirathi, ni ndugu wa tumbo moja. Basi yule anayeisifu kanuni hii ikiwa Nairobi kwa kuwa yatulinda sisi, na akailaani ikiwa Khartoum kwa kuwa yamlinda mwengine, atuonyeshe mizani aliyopimia.

Mwenyezi Mungu katika Suratul-Maida, aya ya 8, ametuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kutowafanyia uadilifu. Na katika Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105, wafasiri wengi wameeleza kwamba zilishuka kwa sababu ya Mwislamu aliyeiba deraya, kisha akaiweka nyumbani kwa Yahudi ili yeye ashikwe, na jamaa zake wakaja kumtetea kwa Mtume kwa kuwa ni mtu wao. Aya zikateremka kumtakasa Yahudi na kumfedhehi Mwislamu. Na twamwomba kila imamu wa msikiti azisome aya hizi kabla ya uchaguzi, zamani zile ambapo kila mgombea hukumbuka njia ya msikitini, akaja na mabusati na mikebe ya rangi, akavaa kofia isiyomtosha.

Na tuseme wazi lililo baina yetu. Twawajua watu wenye nyumba za kupangisha ambao wakisikia jina la Mkamba au la Mjaluo husema chumba kimekwisha patikana mtu, na chumba ki tupu. Twawajua wenye kumwita mfanya kazi wao "mbara" hali mtu huyo amezaliwa Changamwe na hajui kwengine. Kisha watu hao hao huenda kushitaki, na kwa haki, kwamba mtoto wao mwenye jina la Kiislamu huulizwa cheti cha babu yake anapotaka kitambulisho. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan hiyo hiyo kwa kuwa askari wa Mwingereza, walingoja miaka zaidi ya mia hata mwaka 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Hatuwezi kuulilia mlango tuliofungiwa sisi na huku mkono wetu mmoja unaufunga mlango mwengine.

Msomaji atauliza: na damu je? Kwani wamekuja watu kwa jina la Uislamu wakaua hapa kwetu. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, waliwatenga wanafunzi kwa dini, na waliouawa siku hiyo ni 148. Sisi twasema jawabu walilitoa watu wa ndani ya basi, karibu na El Wak, tarehe 21 Disemba 2015. Wauaji walilisimamisha, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah aliwajibu wale watu kwamba ama wawaue wote au wawaache wote, akapigwa risasi, na mwezi uliofuata akafa kwa jeraha lile. Hakuwa mwanasiasa, wala hakuandika kitabu. Tukiwatafutia vijana wetu wa barazani mtu wa kumtaja baada ya Isha, huyu yuko, na kaburi lake liko katika nchi yetu.

Limebaki neno moja juu ya Waislamu wa Juba. Kabla ya mwaka 2011 walikuwa katika dola ya wengi wao; kulipokucha tarehe 9 Julai wakawa wachache, kama sisi. Katiba ya muda ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 imetenga dini na serikali, na imesema dini zote zitendewe sawa. Misikiti yao na mashule yao yategemea maneno hayo, nayo yafanana na yale yaliyoandikwa Machakos siku ambayo wengine walisema kwamba Uislamu umeuzwa.

Wenye kutaka kuusoma mkataba wenyewe, tumeutia Kiswahili vifungu vya dini na serikali, na karatasi zake ziko kwa katibu wa darsa. Darsa ya Jumamosi baada ya Maghribi tutaisoma Suratul-Mumtahina, aya ya 8 na ya 9, pamoja na waliyoyasema wafasiri juu yake, na wale vijana waliotubishia barazani wanaalikwa kwa heshima waje na hoja zao. Na hali kadhalika jirani asiyekuwa Mwislamu akitaka kukaa nyuma na kusikiliza, mkeka uko.